Sungura Aliyenyonyoka Kifuani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima na hamu kubwa ya kudunga sindano. Nilikuwa nimetoka Sandoa, nimemaliza shule ya wasaidizi wa mifugo, na nilijiona daktari aliyekosa koti tu. Bosi wangu wa kwanza katika huduma ya mifugo ya kampuni ya migodi, pale Kolwezi, tulimwita Chef wa Seksyo, yaani mkuu wa kitengo. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani, akafungua droo, akanipa penseli na rundo la karatasi. Kila karatasi ilikuwa na sungura wawili waliochorwa kwa mstari mwembamba, mmoja akionekana kutoka juu, wa pili akiwa amelazwa chali.

"Hii njo fiche," aliniambia. "Mutu akileta lapin iko natoka manyoya, we hautaje ugonjwa. Unachora kwanza. Fasi manyoya haiko, unapaka penseli. Ukimaliza juu, unamugeuza, unapaka na chini. Kiisha njo utafungua kinywa."

Nikamuuliza sindano nitapewa lini.

"Sindano iko na miguu? Haitakimbia."

Nilipaka penseli mwaka mzima.

Ninyi vijana mtauliza, kampuni ya shaba na sungura wapi na wapi. Huduma yetu iliwekwa kwa ajili ya mbwa wa walinzi, kwa ukaguzi wa nyama machinjioni, na kwa ng'ombe wa ranchi waliolisha wafanyakazi. Sungura walijileta wenyewe. Kule Kapata, katika zile safu za nyumba za kampuni zinazofanana mpaka mgeni anaingia kwa jirani, karibu kila uwanja wa nyuma ulikuwa na kizimba cha mbao na wavu. Wazazi waliwaweka kwa ajili ya nyama, watoto wakawapa majina, na sungura akishapata jina haingii tena kwenye sufuria kwa urahisi. Kwa hiyo Chef alitenga Alhamisi kuwa siku ya sungura. Foleni ilianza mlangoni ikapinda mpaka kwenye bomba la maji, watoto na mama zao, kila mmoja na kikapu chake. Shida iliyowaleta wengi ilikuwa moja: manyoya yanatoka, yanaacha mabaka.

Chef alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya chini iliyokulazimisha kunyamaza ili usikie. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani, kampuni ndiyo iliyowaleta kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai aliijua kwa kusimuliwa. Nilimpenda, nasema wazi, ingawa siku nyingi nilitamani kumtupia ile penseli.

Basi niwaeleze alichonifundisha, maana bado kinafaa. Mabaka yakiwa shingoni na mgongoni, na ngozi ina mba mweupe, shuku utitiri. Ni mdudu mdogo kuliko jicho linavyoweza kumkamata akiwa amelala katikati ya manyoya. Chef alichana mgongo wa sungura juu ya karatasi ya kaboni, ile nyeusi ya kuandikia nakala, kisha akaweka karatasi juani na kungoja. Mba ukianza kutembea, umemwona mdudu wako. Karani wa ofisi kuu alilalamika kwa barua kwamba sungura wa Kapata wanamaliza kaboni ya kampuni. Chef alimjibu kwa barua, akaitolea nakala.

Mabaka yakiwa puani, kwenye ncha za masikio na vidoleni, na kuna gamba nene, huo ni upele, tuliuita gale kwa Kifaransa. Mnyama anajikuna mpaka damu. Yakiwa ya duara, kichwani au miguuni, manyoya yamekatika na ngozi imekauka, hiyo ni teigne, yaani mapunye, yale yale mnayoyaona kwenye vichwa vya watoto wa shule. Hayo yanaruka kutoka kwa sungura kwenda kwa mtoto na kutoka kwa mtoto kurudi kwa sungura, na hapo utani ulikwisha: mnyama anatengwa peke yake kwa majuma, anapakwa dawa ya iodini, matandiko yanachomwa moto, na wote wa nyumba wananawa mikono kwa sabuni. Na kama ngozi ni safi, ila manyoya yamekatwa kama kwa mkasi, mwache huyo, mwangalie mwenzake wa kizimbani. Yeye ndiye anayemtafuna.

Lilibaki baka moja, la kifuani na tumboni, kwa jike, ngozi yake nyororo bila gamba wala mba.

"Hapa njo bantu mingi banaanguka," Chef aliniambia. Alimchukua yule jike, akamweka juu ya meza, akapitisha mkono chini ya tumbo, kidole gumba upande huu na vidole vinne upande ule, polepole, macho yake yakiangalia dirishani. "Jike akikaribia kuzaa anajingoa manyoya yake mwenyewe, anatandikia batoto. Haiko ugonjwa. Ni kitanda. Ukimupaka dawa, unamuchoma bule, na batoto bake unabaua. Kila jike, Kaumba. Hata bakuambie anakaaka yeye moja. Gusa tumbo."

Wiki ile ile mama mmoja wa mtaa wa Manika alikuja akilia na jike wake kapuni, akisema amepata kansa. Alikuwa ameshampaka mafuta ya kupikia na majivu. Chef akagusa, akanawa mikono, akamwambia, "Mama, pongezi. Tayarisha sanduku." Yule mama alikasirika. Alisema yeye ana jike mmoja tu nyumbani, na hajui hayo mambo yametokea wapi. Chef akamwambia swali hilo amuulize jirani mwenye dume.

Baada ya muda nilihamishiwa ranchi, upande wa Sandoa, chini ya Inspekta wa Mifugo. Huyu alikuwa mtu wa filimbi. Kwake kila tatizo la ngozi lilikuwa na dawa moja, josho, yaani ule mfereji wa maji yenye sumu ya kupe ambamo ng'ombe anatumbukizwa upande huu akatokea upande wa pili. Inspekta alipiga filimbi, ng'ombe wakapita, sisi tukapaka alama ya rangi kwenye nyonga. Hatukumgusa hata mmoja. "Jicho, Kaumba, jicho! Mkono ni wa watu wenye nafasi," ndiyo yalikuwa maneno yake. Kusema kweli alijua kazi yake, na ng'ombe wengi namna ile huwezi kuwabembeleza mmoja mmoja. Lakini haraka niliyojifunza kule nilirudi nayo Kolwezi.

Niliporudi mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Shaba ilipungua, mashine zilisimama moja baada ya nyingine, na chakula cha sungura cha punje, kilichokuja kwa magunia, hakikuja tena. Watu waliwalisha mabaki ya bukari, ule ugali wetu wa kila siku, na maganda ya viazi. Miezi michache baadaye Alhamisi zetu zilijaa sungura walionyonyolewa mgongo mzima, ngozi safi, manyoya yamekatwa. Mimi nilikwisha kuchanganya dawa ya utitiri ndoo nzima. Chef akaniambia niache, akauliza mstari mzima swali moja, wanyama wanakula nini. Kisha akatutuma sote, na yeye mwenyewe akiwa mbele na panga, tukakate majani marefu kando ya barabara, tuyakaushe, tugawe kwa mafungu. Sungura asipopata majani makavu ya kutafuna siku nzima, anatafuna manyoya ya mwenzake. Baada ya majuma machache migongo ilianza kufunikwa na manyoya. Ndoo yangu ya dawa tuliimwaga shimoni, na Chef hakunisema mbele ya watu.

Chef alikuwa na binti, Ngalula, wa miaka kumi na minne hivi. Huyu alikuwa na sungura jike mweupe aliyeitwa Bukari. Alikuja naye Alhamisi hata kama hana ugonjwa, akakaa kwenye benchi na kuangalia baba yake anavyofanya. Fiche ya Bukari ilikuwa safi, haina hata alama moja ya penseli, na Chef alikuwa akiionyesha kwa wenye sungura wachafu.

Kisha ukaja ule mwaka. Wakubwa wa siasa wa jimbo letu, Sandoa hadi Kolwezi, walisema redioni na viwanjani kwamba watu wa Kasai wamejaa kwenye vyeo, warudi kwao. Waliitwa kwa jina la wadudu, sitalirudia hapa. Vijana walipita na fimbo na madumu ya petroli, nyumba kwa nyumba, na watu tuliosali nao Jumapili wakatoa nje magodoro ya jirani zao siku ya Jumatatu. Nyumba ya Chef kule Kapata iliingiwa mchana, jirani zake wakiangalia. Familia ilikwenda kulala kwenye madarasa ya shule, pamoja na mamia ya wengine, halafu ikasogea gare, kwenye stesheni ya treni, kungoja mabehewa ya kwenda Kasai.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ofisini. Msimamizi wa huduma, mkubwa wetu sote, aliniita, akaniambia, "Kaumba, tangu leo seksyo iko yako. We ni mutoto wa hapa." Nilipaswa kuuliza mwenye seksyo yuko wapi. Niliuliza ufunguo wa droo uko wapi. Nilifurahi, na sitawaficha. Nilikaa kwenye kile kiti, nikakizungusha kidogo. Jioni nilipanda baiskeli kurudi nyumbani, na kwa kuwa njia ya kawaida ilipita mbele ya shule, nikachukua njia nyingine.

Kazi ya kwanza ya cheo changu kipya ilikuwa gare. Watu wa reli walikuwa wakikataa mnyama yeyote hai asiye na cheti cha afya, na wale waliofukuzwa walikuwa wameokoa walichoweza, mbuzi, kuku, mbwa. Basi nikawekewa meza chini ya ukuta wa stesheni, nikapewa muhuri, pamoja na askari wa kusimamisha mstari. Watu walikuwa wameishi pale kwa majuma, wamepikia pale, wamezaa pale, wamezika pale karibu. Harufu yake siwezi kuieleza, na sikutaka kuisikia hata siku ile. Nilitaka kumaliza. Filimbi sikuwa nayo, lakini nilifanya kazi kama ninayo. Mbuzi, muhuri. Kuku, muhuri.

Na vichwa vya watoto vilikuwa na mapunye. Niliyaona kila upande, duara duara, kwa sababu watoto walilala wamebanana na maji yalikuwa haba. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo machoni mchana ule alipofika mbele ya meza yangu Chef wa Seksyo.

Alikuwa amesimama mstarini kama wengine, kofia yake kichwani, shati limefuliwa. Sikumwona mpaka alipokuwa hatua mbili kutoka kwangu, na nadhani alijua kwamba sikutaka kumwona. Ngalula alikuwa kando yake amekumbatia kikapu.

"Bonjour, Kaumba."

"Bonjour, Chef."

Ngalula akafungua kikapu. Bukari alikuwa mchafu, amekonda mgongoni, na kifuani, kuanzia chini ya kidevu hadi katikati ya miguu ya mbele, hakuwa na manyoya. Nilimwinua kidogo kwa ngozi ya shingo, nikaona baka lingine likianza kando ya tumbo. Nikamrudisha. Nikachukua fiche, nikapaka penseli kifuani, nikaandika: teigne.

"Huyu hawezi kupanda," nilisema. "Iko na mapunye. Ataambukiza behewa muzima. Anabaki hapa."

Ngalula akamwangalia baba yake. Chef aliinama kidogo, si kwangu, kwa sungura, akaangalia lile baka. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ya Alhamisi:

"Ulishagusa tumbo yake?"

Mstari wote ulikuwa unasikiliza. Askari alikuwa anasikiliza. Damu ilinipanda usoni, maana nilijua sijagusa, na nilijua kwamba yeye anajua. Ningeweza kunyoosha mkono. Meza ilikuwa na upana wa kiwiko.

"Chef," nikasema, "leo njo mi niko na service. Mustari unangojea."

Alinikazia macho kwa muda mfupi. Halafu akanyamaza. Hakubisha, hakuomba, hakunitaja kwa jina. Akaweka mkono begani kwa binti yake ili wasogee, na hapo Ngalula akaanza kulia. Alilia bila kelele, mdomo wazi, akiwa bado ameshika kifuniko cha kikapu. Nilimpokonya kikapu kwa mkono wa askari, si kwa wangu, nikaita: anayefuata.

Sheria ilisema mnyama wa namna ile auawe na kuchomwa. Sikufanya hivyo, na msinisifu kwa hilo. Nilimfunga kwenye kizimba cha kutengwa nyuma ya ofisi yetu, nikamwekea maji na majani makavu, nikajiambia nitamtibu kwa iodini nikipata nafasi. Kesho yake sikupata nafasi. Kesho yake ndiyo siku treni waliyopanda watu wale iliondoka.

Siku iliyofuata asubuhi nilikwenda na chupa ya dawa. Kwenye kona ya kizimba kulikuwa na kichuguu cha majani na manyoya meupe, na kile kichuguu kilikuwa kinatikisika. Niliweka mkono ndani. Walikuwa sita, vipofu, hawana hata unyoya, wana joto. Bukari alikuwa amekaa upande wa pili anatafuna majani, kifua chake cheupe na safi, hakina gamba hata moja, hakina mba, hakina duara. Mwanafunzi wa juma la kwanza angeona.

Nilipanda baiskeli mpaka gare, ingawa nilijua. Pale waliposimama mabehewa palikuwa na mawe ya kupikia na mikeka iliyochakaa, na kundi jipya la watu lilikuwa limeanza kujipanga kungoja treni nyingine. Nilimuuliza mtu wa reli kama inawezekana kupeleka habari stesheni ya mbele. Aliniuliza habari gani. Sikuweza kumwambia mtu yule, mbele ya umati ule, kwamba ni habari ya sungura. Nilirudi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Aliletwa Daktari mpya kutoka Lubumbashi, mwanamke kijana, mkali wa kumbukumbu, aliyeniita tata, yaani baba. Alisoma faili zote za zamani, na siku moja akasimama mbele yangu na fiche ya Bukari. "Tata Kaumba, huyu alikuwa na teigne gare. Iliisha namna gani?" Nikamjibu: "Alipona." Ni uongo wa neno moja, na Daktari akauandika kwenye fiche, akaupigia mstari kwa wino mwekundu kama mfano wa tiba iliyofaulu. Huduma ilipofungwa na ranchi kuuzwa, nilichukuliwa na ofisi ya mifugo ya komuni, yaani manispaa, ya Manika, nikakagua nyama sokoni chini ya Mkuu wa Ofisi aliyependa kulala mchana. Alhamisi niliendelea kupokea sungura barazani kwangu. Wanafunzi walipotumwa kwangu kujifunza niliwapa penseli kwanza, nikawafundisha kugusa tumbo mpaka wakanichoka. Waliniita mzee wa matumbo. Kwa kila jike niliyemgusa nilimkumbuka yule ambaye sikumgusa. Bukari mwenyewe alizeeka kwangu, akafa akiwa mnene. Watoto wake niliwagawa.

Nilipostaafu walinifanyia karamu ndogo, wakasema nimewatumikia wanyama kwa uaminifu. Nilikula nyama yao. Wengi waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kurudi Kolwezi, mmoja mmoja, kimya kimya, na mke wangu alikuwa ameniambia kwamba mwanamke anayeuza madaftari na kalamu karibu na soko la Manika ni binti wa yule bosi wangu wa zamani. Nilikaa na habari hiyo majuma kadhaa. Nilijipa sababu: mvua, mguu, mazishi ya mtu. Mwishowe nikapanda taksi-moto, pikipiki ya kukodi, nikashuka mbele ya duka lake kabla sijabadili mawazo.

Nilimtambua kwa namna alivyoinamisha kichwa kusikiliza. Yeye alinitambua kwanza.

"Tata Kaumba," alisema. Hakutabasamu, hakukunja uso.

Nilimuuliza habari za Chef. Akaniambia alifia Mwene-Ditu, huko Kasai, kabla mwaka haujaisha, homa na uchovu, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akisema "kwetu" akimaanisha Kolwezi, na watu wa kule wakimcheka. Halafu nikasema nilichokwenda kusema. Nilisema Bukari hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na mimba, alizaa watoto sita siku moja baada ya treni kuondoka. Baba yake aliona, aliniuliza, na mimi sikugusa tumbo kwa sababu ya kiburi tu. Niliandika uongo kwenye fiche na nikauacha hapo. Namwomba anisamehe kwa sungura wake.

Ngalula alipanga kalamu fulani zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Tata yangu alituambia mu behewa," alisema. "Alisema lapin atazaa kesho ao kesho kutwa, na ni muzuri azalie kwa Kaumba kuliko huku juu ya mizigo. Alisema utaona weye mwenyewe. Habari ya lapin tuliimaliza njiani, mbele ya kufika Kamina."

Nilishusha pumzi. Nilidhani nimesamehewa, nasikia aibu kuliandika hilo.

"Unafikiri mi nililia juu ya lapin?" akauliza.

Akaziacha kalamu.

"Bantu bale ba fimbo balikuja ku nyumba, tata alibajibu. Balitoa bitu byetu inje, alibajibu. Ku gare soldat alimusukuma, alimujibu. We ulimuambia neno moja, na akanyamaza. Tangu nazaliwa sikuona mutu ananyamazisha tata yangu. Njo pale nilijua banatufukuza kweli."

Mteja akaja kuuliza daftari la mistari. Ngalula alimhudumia, akamrudishia chenji, akamtakia siku njema. Nilisimama pale pale. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba kosa dogo, nikalilea, nikalifundishia wanafunzi, nikalileta mpaka pale dukani kuliombea msamaha, na lile kubwa, la baba yake, sikuwa nimeligusa.

Nilivua kofia, nikaanza kuomba upya.